Dwight Gooden: Utulivu tulioudhania kuwa ukomavu

Ukitazama mikanda ya zamani ya Dwight Gooden, mrushaji wa besiboli wa Marekani, ile ya mwaka 1985, tazama uso wake kwanza, mpira baadaye. Amesimama juu ya kichuguu cha udongo katikati ya uwanja wa Shea, New York. Jukwaani maelfu ya watu wanapiga makofi kwa mdundo mmoja, wakimtaka amalize kazi. Uso wake haujibu kitu. Mpigaji akizungusha gongo na kukosa, Gooden hatabasamu. Mwamuzi akimnyima straiki iliyo wazi, habishi. Anapokea mpira kutoka kwa mdakaji, anafuta jasho, anainama kusoma ishara, anainua mguu wa kushoto hadi goti linakaribia kifua, anarusha tena. Ana miaka 20.

Kisa chake kimesimuliwa kwa miongo kadhaa kwa namna ile ile: kijana aliyejaaliwa kila kitu, akakitapanya. Kokeini, pombe, mahakama, nyota ikazimika. Hayo yalitokea na sitayaficha hapa. Lakini kila nikirudi kwenye ile mikanda naona jambo lililotangulia hayo yote. Watu wazima waliomzunguka, makocha, viongozi wa klabu, waandishi wa habari, na sisi mashabiki, waliuona utulivu wake wakadhani ni ukomavu. Ukimya wa mtoto mwenye haya ukasomwa kama busara ya mtu mzima, na mabegani mwake ukatwikwa mji mzima. Kosa kubwa naliona hapo, kabla ya unga kuingia kwenye hadithi.

Kwa msomaji ambaye besiboli kwake ni mchezo wa mbali: timu moja inarusha, nyingine inapiga, zinabadilishana kwa awamu tisa. Mrushaji yuko mita 18.4 kutoka kwa mpigaji. Mpira uendao kilomita 150 kwa saa unafika kabla ya nusu sekunde kutimia, na ndani ya muda huo mpigaji anatakiwa aamue kama ataupiga au atauacha, kisha alete gongo mahali pake. Akikosa, au akiuacha mpira mzuri umpite, anahesabiwa straiki. Zikifika tatu anatoka. Mtu akitolewa hivyo, mrushaji hajamhitaji mwenzake yeyote isipokuwa mdakaji aliyechuchumaa nyuma ya mpigaji. Ndiyo maana mrushaji mkali ana upweke wa golikipa na madaraka ya mpiga penalti kwa wakati mmoja. Katika daftari la kumbukumbu za mechi, tukio hilo la straiki tatu huandikwa kwa herufi moja, K. Mashabiki wa Shea walikuwa wakitundika kadi yenye K kwenye ukingo wa jukwaa kila Gooden alipomtoa mtu, na jina likamganda: Dokta K, halafu Doc tu.

Silaha zake zilikuwa mbili. Ya kwanza ni mpira wa kasi, uliovuka kilomita 150 kwa saa, na waliousimamia waliona kama unapanda ukiwafikia. Ya pili ni mpira wa kupinda, ulioonekana kuja usawa wa mabega kisha ukadondoka hadi magotini kana kwamba umefika ukingoni mwa meza. Wamarekani wana utani wa kuuita mpira wa aina hiyo Uncle Charlie, yaani mjomba Charlie. Kuhusu ule wa Gooden walisema huyu hawezi kuwa mjomba wa mtu, wakampandisha cheo, wakamwita Lord Charles. Mtu wa pwani angesema Mwinyi Charles.

Vijana wenye kasi si haba. Wenye mpira wa kupinda pia wapo. Gooden alikuwa na vyote viwili, akavipeleka anapotaka, na hilo ndilo lililowatia hofu wakongwe. Mrushaji chipukizi wa kawaida hurusha kwa nguvu na kutawanya: mmoja ukutani, mmoja mavumbini, mmoja mzuri. Katika msimu wa 1985 Gooden alirusha awamu 276 na theluthi mbili, akawapa wapigaji 69 tu njia ya bure kwa kukosa shabaha. Ni kama mmoja kwa kila awamu nne. Shabaha ya namna hiyo kwa kawaida hununuliwa kwa miaka. Yeye alikuja nayo kutoka nyumbani.

Nyumbani ni Tampa, Florida, alikozaliwa Novemba 16, 1964. Baba yake, Dan, aliupenda mchezo huu kwa dhati, na alimfundisha mwanawe tangu akiwa mdogo kabisa namna ya kusimama, namna ya kuhamisha uzito wa mwili, namna ya kuurudia mwendo ule ule mara elfu bila kuubadilisha. Katika ukoo huo huo alikulia mpwa wa Dwight, Gary Sheffield, aliyepishana naye umri kwa miaka minne, ambaye baadaye angekuwa mpigaji wa kuogopwa aliyemaliza maisha ya uchezaji na homurani 509, yaani mipira aliyoipiga ikavuka uzio. Mrushaji wa namna ile na mpigaji wa namna ile wakifanya mazoezi pamoja utotoni! Nimejaribu mara nyingi kuwaza mchana mmoja wa mazoezi yao na sijachoka kuwaza.

Mwaka 1982 klabu ya New York Mets ilimchagua wa tano katika mgawo wa vijana wa nchi nzima. Alikuwa na miaka 17. Mwaka uliofuata wakampeleka Lynchburg, Virginia, kwenye ligi ya daraja la chini, na huko akashinda mechi 19, akashindwa 4, akatoa watu 300 kwa straiki katika awamu 191. Soma tena hesabu hiyo. Kwa kila awamu, ambayo ina watu watatu wa kutolewa, yeye peke yake alikuwa anamaliza zaidi ya mmoja na nusu, na wenzake uwanjani wakabaki watazamaji.

Hapo ndipo ubishi ulipoanza ndani ya klabu, na kwangu ubishi huo ndio sehemu yenye uzito zaidi katika hadithi nzima. Davey Johnson, aliyekuwa amemwona kijana huyo katika ligi za chini na sasa amepewa timu kubwa kuwa kocha mkuu, alimtaka mara moja kwa msimu wa 1984. Frank Cashen, meneja mkuu, alisita. Cashen alikuwa na kidonda. Miaka mitatu nyuma klabu ilimpandisha mrushaji mwingine kijana, Tim Leary, akaanza mechi yake ya kwanza Chicago kwenye baridi ya Aprili, akaumia mkono siku hiyo hiyo. Mwishowe Johnson akashinda. Mechi ya kwanza ya Gooden ilikuwa Houston, chini ya paa la Astrodome, mahali ambapo baridi haiingii.

Nampa Cashen heshima yake. Lakini tazama walichokuwa wakijadili: mkono. Hofu yote ilikuwa juu ya msuli, kiungo na hali ya hewa. Kuhusu kijana mwenyewe, kama yuko tayari kukaa peke yake katika jiji la mamilioni ya watu akiwa na miaka 19, fedha mfukoni na milango yote wazi, jibu lilikuwa limeshapatikana machoni. Huyu ametulia. Mtazame alivyotulia.

Aprili 7, 1984 alirusha awamu tano, akaruhusu mkimbio mmoja, yaani pointi moja, akashinda. Julai aliitwa kwenye mechi ya nyota wote San Francisco, mdogo kuliko mchezaji yeyote aliyewahi kuitwa hadi siku ile, na katika awamu yake ya kwanza akawatoa watatu mfululizo kwa straiki. Septemba akatoa 16 katika mechi moja na, siku tano baadaye, 16 tena. Ile ya pili aliipoteza kwa 2-1, kwa sababu ya kosa la mwendo juu ya kichuguu, ambalo kwa sheria za mchezo huwapa wakimbiaji hatua ya bure. Kosa hilo husahauliwa katika masimulizi, nami silisahau. Mkono ulikuwa wa mtu mzima. Kosa lilikuwa la mwanafunzi.

Alimaliza mwaka akiwa ametoa watu 276 kwa straiki, akaivunja rekodi ya chipukizi aliyoiweka Herb Score mwaka 1955 kwa watu 245, akatwaa tuzo ya Mchezaji Chipukizi Bora. Jina la Score lingestahili kuwatia watu baridi. Naye alikuwa kijana wa mkono wa radi, hadi Mei 1957 mpira uliopigwa kwa nguvu uliporudi na kumfika jichoni, na hakuwahi tena kuwa yule wa zamani. Waliokuwa wakilinganisha namba hizo mbili mwaka 1984 walilinganisha namba tu.

Kisha ukaja 1985.

Mechi alizoanza ni 35. Alishinda 24, akashindwa 4. Kumi na sita alizimaliza mwenyewe mwanzo hadi mwisho, na katika nane hakuruhusu mkimbio hata mmoja. Wastani wake wa mikimbio kwa kila awamu tisa ulikuwa 1.53. Alitoa watu 268 kwa straiki. Katika mafungu hayo matatu, ushindi, wastani na straiki, hakuna aliyemzidi katika ligi zote mbili kubwa. Kati ya mwisho wa Mei na mwisho wa Agosti alishinda mara 14 mfululizo. Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, alipewa bila kura moja kupotea, na hadi leo hakuna aliyeipata akiwa mdogo kuliko yeye.

Ila namba ni mifupa tu. Nyama yake utaiona katika usiku wa Septemba 6 mwaka huo, Los Angeles. Mpinzani wake alikuwa Fernando Valenzuela, yule Mmexico aliyeishika Marekani nzima mwaka 1981 akiwa na miaka 20. Gooden alirusha awamu tisa, hakuruhusu kitu. Valenzuela alirusha 11, hakuruhusu kitu. Mets wakashinda 2-0 katika awamu ya 13, wote wawili wakiwa wameshapumzishwa. Hakuna aliyepata ushindi wala kushindwa kwa kazi ile. Valenzuela alikuwa akiangalia juu mbinguni katikati ya kila mrusho, kama kawaida yake, kana kwamba anauliza jambo. Gooden alimwangalia mdakaji. Basi.

Nataka nikae hapa kidogo kwenye hulka, maana neno hili hutumiwa kirahisi. Tunasema fulani ana hulka ya ushindi, na tunakusudia kwamba hatetemeki. Lakini kutotetemeka kuna mizizi mingi. Mchukue Bob Gibson wa St. Louis Cardinals, ambaye mwaka 1968 aliruhusu wastani wa 1.12, chini hata ya ule wa Gooden. Gibson naye alikuwa na uso usiosomeka, lakini nyuma ya uso ule kulikuwa na moto unaojulikana. Alikataa urafiki na wapinzani, na alilichukua bamba la nyumbani, pale anaposimama mpigaji, kama shamba lake, anayelisogelea akae chonjo. Mwaka ule alikuwa na miaka 32. Alikulia Omaha akiwa mtoto mgonjwa mgonjwa, akapita katika madharau ya ubaguzi wa rangi, akasubiri zamu yake. Ukimya wake ulikuwa ukuta alioujenga yeye, tofali juu ya tofali, naye alijua mlango uko wapi.

Ukimya wa Gooden ulikuwa wa aina nyingine. Ulikuwa ukimya wa mtoto mtiifu. Kocha akisema rusha, anarusha. Mdakaji akitaka mpira wa kupinda, anapinda. Mwandishi akiuliza, anajibu kwa sauti ya chini na kwa adabu, sentensi mbili, amemaliza. Kila mzazi wa kwetu anamjua mtoto huyu. Ndiye anayesifiwa mbele ya wageni. Na kila mwalimu aliyefundisha muda mrefu anajua kwamba huyo ndiye wa kuangaliwa kwa karibu, kwa kuwa yule mtundu hupiga kelele akiumia, na huyu hapigi. Utiifu unaompendeza kocha mchana ndio utiifu ule ule mbele ya rafiki mbaya usiku. Asiyejua kumkatalia mkubwa wake hajajifunza kumkatalia mtu yeyote.

Mji haukungoja kujua. Karibu na Times Square ulichorwa mchoro wake mkubwa kwenye ukuta wa jengo, ghorofa juu ya ghorofa, akiwa katikati ya mrusho. Hebu fikiria una miaka 20, unapita na gari, unakutana na wewe mwenyewe mrefu kama jengo.

Masika ya 1986, kabla msimu haujaanza, likatokea jambo ambalo wachambuzi wa Marekani wanabishania hadi leo. Mel Stottlemyre, kocha wa warushaji, alitaka Gooden apunguze kutegemea straiki tatu, aokoe mkono, ajifunze mpira mwingine, awaache wapigaji waupige mpira udakwe na wenzake. Nia ilikuwa njema kabisa. Hoja yake ilikuwa na mantiki ya mtu aliyeona mikono mingi ikifa. Wanaomlaumu husema kitu kilichokamilika hakirekebishwi, nami naegemea upande wao, ingawa simtupii Stottlemyre mzigo wote. Kinachonigusa ni kwamba Gooden alikubali. Kijana aliyetoka kucheza msimu ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa misimu bora kabisa ya mrushaji katika historia aliambiwa abadilike, akainamisha kichwa, akabadilika. Mwambie Gibson maneno hayo mwaka 1969 uone.

Mwaka huo alishinda 17, akashindwa 6, wastani ukapanda hadi 2.84, straiki zikashuka hadi 200. Kwa mrushaji mwingine ungekuwa mwaka wa kujivunia. Kwake magazeti yakauliza kulikoni. Mets walitwaa ubingwa wa World Series dhidi ya Boston, na katika mechi mbili alizoanza kwenye fainali hizo Gooden alishindwa zote mbili. Oktoba 28, 1986 jiji likafanya gwaride la mabingwa katika mitaa ya Manhattan. Gooden hakuwepo. Yeye mwenyewe alieleza miaka baadaye kwamba siku ile alikuwa amelewa kokeini, akilitazama gwaride kwenye televisheni. Aprili 1987 vipimo vikamkamata na akapelekwa kwenye tiba ya waraibu, siku chache kabla ya msimu. Alikuwa na miaka 22.

Hapa Mswahili yeyote atakumbuka methali: mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nimeisikia ikitumiwa kwa wanamichezo wengi walioanguka, na kwa baadhi inafaa. Kwa Gooden haifai. Mgema wa kwenye methali amelewa sifa, akaacha bidii. Gooden hakuacha. Jumlisha misimu ile mitatu, 1984 hadi 1986: awamu 744 na theluthi mbili, na watu waliotolewa kwa straiki 744 kamili. Takriban mtu mmoja kwa kila awamu, miaka mitatu, kabla hajatimiza miaka 22. Ushindi 58, kushindwa 19. Huyo si mtu aliyetia maji tembo. Huyo ni mgema aliyepandishwa minazi yote ya shamba akiwa angali mtoto, kila siku, na waliokuwa chini wakishangilia kwa kuwa hawajamsikia akilia.

Naijua hoja ya upande wa pili, na ina nguvu. Wenzake wengi walikuwa vijana, walikuwa New York, walizungukwa na vishawishi vile vile, na hawakuangukia kwenye unga. Mtu mzima anawajibika kwa anachotia mwilini mwake. Gooden mwenyewe hajawahi kulikwepa hilo, na mimi simwondolei. Mwaka 1994 alisimamishwa kwa matumizi ya dawa za kulevya, na msimu wote wa 1995 akaukosa, akiwa ameshafikisha umri ambao neno "kijana" halimkingi tena. Lakini uraibu ni ugonjwa wenye mwanzo, na mwanzo wake ulimkuta mahali ambapo hapakuwa na mtu mzima aliyekuwa akimtazama yeye badala ya mkono wake. Timu ile ilijulikana kwa ulevi na starehe zake kama ilivyojulikana kwa ushindi.

Sasa mlete Sandy Koufax, maana ndiye anayenifanya niwe na hakika kwamba tunamhukumu Gooden vibaya. Koufax aliingia ligi kubwa mwaka 1955 akiwa na miaka 19, mkono wa radi, shabaha hakuna. Misimu yake sita ya kwanza alishinda 36 na kushindwa 40. Alikaa benchi, alitupa ovyo, alikata tamaa. Kisha kuanzia 1961 akawaka, akawa mrushaji ambaye wazee wa Marekani wakimtaja sauti zao hubadilika, na mwaka 1966 akastaafu akiwa na miaka 30, kiwiko kimekwisha. Jumla yake: ushindi 165. Jumla ya Gooden, alipoacha mwaka 2001: ushindi 194, kushindwa 112, na watu 2,293 waliotolewa kwa straiki.

Siwalinganishi ukubwa. Kilele cha Koufax kilidumu muda mrefu zaidi, na kilikuwa juu. Nasema tu kwamba mmoja alipewa miaka sita ya kukosea, na kilele chake kikaja mwisho, basi tunamwita mtakatifu. Mwingine kilele kilimjia akiwa hajaota ndevu sawasawa, na kila kilichofuata, hata ushindi wa 100 akiwa na miaka 24, kikasomwa kama msiba. Kurasa zile zile ukizipanga kinyume zinatoa hadithi tofauti. Walipomfikisha kwenye kura za Jumba la Umaarufu mwaka 2006, hakupata hata asilimia tano zinazohitajika ili jina libaki kwenye orodha mwaka unaofuata.

Tunasema nyota njema huonekana asubuhi. Methali ni ya kweli, na watu hudhani imeahidi mchana. Haikuahidi. Imesema itaonekana asubuhi, na ya Gooden ilionekana. Mwaka 1985 haukuwa dalili ya kitu kitakachokuja. Ulikuwa ndio kitu chenyewe, kimefika mapema kuliko tulivyozoea, na sisi badala ya kukitazama tukaanza kuhesabu vingapi zaidi vitafuata.

Besiboli yenyewe imejifunza nusu ya somo. Mwaka 2012 Washington Nationals walimpumzisha Stephen Strasburg, mkono wa aina hiyo hiyo, mwezi Septemba, wakiwa kwenye mbio za ubingwa, baada ya awamu 159 na theluthi moja, kwa kuwa alikuwa ametoka kwenye upasuaji wa kiwiko. Nchi nzima ilibishana. Leo hakuna klabu ambayo ingemrushisha mtu wa miaka 20 awamu 276, na kila mrusho unapimwa na mashine. Mkono wa kijana una walinzi sasa. Sina hakika kama kijana mwenyewe anao wa kutosha.

Na jambo hili limeshatufikia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto huko Williamsport, Pennsylvania, na mwaka 2023 klabu ya Pittsburgh Pirates ilimsaini mrushaji kijana kutoka Uganda, David Matoma. Wengine watafuata. Wengi wao watakuwa wamelelewa kama tunavyolea: kuwaheshimu wakubwa, kutobisha, kutolalamika. Nawaombea wakutane na kocha atakayeuliza swali la pili mtoto akishajibu "sijambo".

Tukio ambalo nikilitazama moyo wangu hupata nafasi halipo kwenye mikanda ya 1985. Ni la Mei 14, 1996, katika uwanja wa Yankees. Gooden ana miaka 31, sare ni ya mahasimu wa jiji lile lile, mpira wa kasi hauna tena ile radi. Mbele yake wapo Seattle Mariners, wenye Ken Griffey Jr., Alex Rodriguez na Edgar Martínez. Huko Tampa baba yake, Dan, yuko hospitalini, anasubiri kupasuliwa moyo kesho yake. Gooden alikuwa ameambiwa anaweza kwenda. Alibaki arushe.

Haikuwa mechi nzuri kwa viwango vya Dokta K. Aliwatoa watano tu kwa straiki na akawapa sita njia ya bure, akatoka jasho kila awamu, akarusha mara 134, mkono mzito, uso haujifichi tena. Awamu ya tisa wapinzani walikuwa na watu wawili njiani na ushindi ulikuwa 2-0 tu. Mpira wa mwisho ulipaa juu, Derek Jeter akaudaka, na hapakuwa na Mmariner hata mmoja aliyepata pigo halali usiku ule. Wenzake wakambeba mabegani. Alikuwa akicheka kwa kinywa kipana, ngumi hewani, kama mtu ambaye hajawahi kuambiwa atulie.

Asubuhi akapanda ndege kwenda Tampa kwa baba yake.